Nyama Iliyokuja Imeshakatwa

Watu wa Kwaluguru hawakuwahi kuitwa wafadhili. Neno hilo kituoni lilikuwa la watu wanaokuja na magari, wanapiga picha na watoto, wanaondoka kabla jua halijawa kali. Wale waliofyatua matofali ya nyumba ya kwanza, waliotoa kiwanja, walioleta debe la mahindi kila baada ya mavuno, waliitwa majirani. Sikuona ubaya wa jina hilo wakati naanza kazi pale. Jirani ni neno zuri.

Kituo kilikuwa cha shirika dogo la Kikristo la kutunza watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Mama anamleta mtoto, mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa plasta, wiki baada ya wiki, na muda wote huo mama na mtoto wanalala pale na kula pale. Kwa hiyo kazi kubwa ya kituo haikuwa miguu, ilikuwa chakula. Mtaalamu wa kufunga plasta alikuja mara moja kwa wiki kutoka Korogwe. Matumbo yalidai kila siku.

Mimi nilifika pale kwa njia zangu. Niliacha shule darasa la sita, si kwa kukosa sare wala kwa ugonjwa, nilichoka tu kukaa. Nilikata mkonge Korogwe, nikapakia mbao, nikapanda Kwashemshi kubeba ndizi za watu, nikateremka tena, nikaishia Segera kwenye njia panda nikiuza machungwa kwa abiria. Segera ilinifaa kwa sababu kila basi lilileta watu wapya wa kuuliza. Unatoka wapi, unaenda kufanya nini, kwenu mnapanda nini, mvua imenyesha? Wengine walinijibu vizuri. Wengine walichukua chungwa wakafunga dirisha.

Siku moja gari la kituo lilipata pancha pale. Ndani alikuwemo mama msimamizi, mwanamke wa makamo, mweusi, mwenye sauti ya chini. Nilisaidia kubadili tairi huku nikimuuliza watoto wanapindaje miguu, plasta inakaa muda gani, mtoto analia au halii.

"Wewe unauza machungwa au unahoji watu?" akaniuliza.

"Vyote viwili, mama. Machungwa ndiyo yanayonilisha."

Akacheka. "Mtu wangu wa stoo amehama. Njoo Kwaluguru, huko utauliza mpaka uchoke."

Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Nilikaa kuliko nilivyowahi kukaa popote, na sababu ni yeye. Alinipa funguo za stoo siku ile ile niliyofika, bila kumwuliza mtu yeyote habari za tabia yangu. Mtu aliyezunguka kama mimi anajua uzito wa jambo hilo. Kila nilikopita niliaminiwa mwisho, baada ya mbwa. Nilipougua malaria alikuwa ananiletea uji mwenyewe, anasimama mlangoni mpaka nimalize. Nikasema moyoni, huyu akiniambia nirukie kisima nitauliza tu kina maji au hakina.

Kazi ya stoo haikuwa nyingi. Mchana ukipoa nilikuwa nazunguka kwa majirani kuuliza kituo kilianzaje, na hakuna aliyeniona msumbufu, maana watu hupenda kusimulia kitu walichokijenga wenyewe. Ndivyo nilivyojua kwamba kilianzishwa na akina mama wachache wa kanisa kutoka upande wa Korogwe, ambao mwanzoni walikuwa wanapokea watoto kwenye baraza la duka. Mabati ya kwanza yalitoka kwa Mhindi mmoja Muislamu mwenye duka la vifaa pale Handeni mjini, aliyesema hataki jina lake litajwe kanisani wala msikitini, na mpaka wakati wangu mwanawe alikuwa bado anatuma chumvi na sabuni. Akina mama wa Kwashemshi walikuwa wanashusha maharage na ndizi kwa gari la asubuhi. Hata wauza machungwa wenzangu wa Segera walikuwa wanajaza kiroba cha yale yaliyochubuka na kukipakia kwenye gari la kituo kila likipita. Nimekaa nao muda wote ule, na kile kiroba nilikuwa nakiona, na sikuwahi kuuliza ni cha nani. Mimi, wa kuuliza kila kitu.

Lakini ukweli ni kwamba kituo kilisimama kwa mtu mmoja kuliko wote. Huyo alikuwa mzee wa Kizigua, mkulima wa mahindi na mihogo, ambaye shamba lake lilipakana na uzio wetu. Hakuwa shehe wala mwalimu wa madrasa. Alikuwa mchinjaji. Penye msiba, harusi, hitima au maulidi, yeye ndiye aliyeitwa na kisu chake, na nyama aliyoichinja yeye hakuna aliyeiuliza swali.

Mkewe, bibi mmoja mwenye mdomo, ndiye aliyenisimulia jinsi hayo yalivyoingia kituoni. Tulikuwa barazani kwao, mzee akipukuchua mahindi pembeni kama hasikii.

"Sherehe yao ya kwanza walitualika sote," bibi alisema. "Tukaenda, tumevaa, tumejipaka mafuta. Wali mzuri, nyama imejaa. Kila mtu kapewa sahani, na kila mtu kaishika magotini tu. Hakuna anayetaka kuwaaibisha wenyeji, na hakuna anayejua nani kachinja. Mimi nikawa nakula wali wa pembeni, ule ambao mchuzi haujaufikia."

"Mchuzi haukuufikia?"

"Ukanifuata. Nikawa nausogeza wali kama mtu anayekimbia mafuriko."

"Mwambie na kuku," mzee akasema bila kuinua macho.

"Ah, kuku. Tuliomba kwenda na vyakula nyumbani, wale mama wakafurahi, wakasema kumbe tamu. Kuku wa Kwaluguru hawajawahi kula vile tena."

Mwaka uliofuata mzee alikwenda mwenyewe kwa yule mama wa kanisa aliyekuwa mkuu wakati huo. Akamwambia, nipe kamba ya ng'ombe wako. Akapewa. Akamlaza ng'ombe mbele ya watu, akamwelekeza kibla, akachinja. Chakula kilipoiva akakaa kwenye mkeka wa mbele, akachukua kipande cha kwanza, akakila, akawageukia wenzake na kusema, "Kuleni, hii naijua." Mikono yote ikaingia.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Siku ya Kituo, baada ya mavuno, mzee anachinja, mzee anaonja, mzee anasema, ndipo majirani wanakula. Na kwa sababu walikula, walirudi. Walirudi na mahindi, walirudi kuezua na kuezeka, walirudi kumbeba mama mwenye mtoto kutoka kituo cha basi. Wasabato, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu walikaa mkeka mmoja kwa kinywa cha mtu mmoja. Nilimwuliza mzee siku moja kama hilo halimpi kiburi.

"Kiburi cha nini? Mimi nasema nilichokiona. Siku nitakayosema nisichokiona, utakuja kuniuliza tena."

Mwaka ninaouzungumzia, mama msimamizi alikuwa na wageni wakubwa. Kundi la wafadhili kutoka kanisa moja la jiji walikuwa wameahidi kujenga jengo jipya la kulala akina mama, na walitaka kuja Siku ya Kituo. Tulipaka uzio chokaa. Watoto walifundishwa wimbo. Mimi niliambiwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kualika, na nilifanya hivyo kwa furaha, maana kila nyumba nilikuwa na hadithi yangu niliyoiacha nusu.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa namsubiri Mmasai anayetuuzia ng'ombe. Hakuja. Ikaja pikapu kutoka mjini, na nyuma yake mabeseni makubwa ya plastiki yamefunikwa nailoni. Nikafunua moja. Nyama, imeshakatwa, imeshaoshwa.

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, hii imetoka wapi?"

"Wageni wametuletea. Wana haraka, wanataka kuondoka saa nane, tusingewahi kuchinja hapa."

"Nani kachinja?"

"Muislamu wa huko huko. Nimeuliza." Alikuwa anapanga sahani, hakunitazama. "Nenda kamwambie baba apumzike leo, aje kula tu."

Alikuwa anamwita mzee baba. Zamani, alipohamia pale akiwa mgeni na nyumba ya msimamizi haina hata mlango, alilala kwa mzee na bibi yule mpaka mlango ulipopatikana. Bibi alikuwa anapenda kusema kwamba huyu Mkristo wetu anajua kusonga ugali kuliko binti zetu.

Nikamkuta mzee ameshavaa kanzu ya kazi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Nikamwambia.

"Kachinja nani?" akauliza.

"Mama anasema ni Muislamu wa mjini."

"Wewe umemwona?"

"Sikumwona, mzee. Nimeambiwa."

"Basi hujaniletea habari. Umeniletea maneno ya mtu." Akatoka, mimi nikamfuata nyuma.

Mama alikuja kumpokea getini. Aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia leo kazi yangu kaifanya mwingine."

"Baba, mgongo wako siku hizi nauona. Amechinja Muislamu mwenzenu, mtu mzima, anayeshika dini yake. Mimi naweza kukudanganya wewe?"

Mzee alimtazama. Nyuma ya mama wageni walikuwa wanateremka kwenye gari, wamevaa fulana za rangi moja, na mmoja alikuwa ameshainua simu anapiga picha.

"Hapana," mzee akasema. "Wewe huwezi."

Saa saba chakula kikaletwa. Mzee akakaa kwenye mkeka wa mbele kama kawaida. Majirani wakakaa nyuma yake na pembeni, sahani zimeshikwa, mazungumzo yamepungua. Akachukua kipande, akatafuna polepole, akameza. Akawageukia.

"Kuleni," akasema. Kisha, baada ya kimya kifupi ambacho sidhani mtu mwingine alikisikia, "hii naijua."

Wakala, na wakala vizuri. Kiongozi wa wageni alitoa hotuba ya upendo kati ya dini, akawashukuru majirani kwa kuja kula pamoja nao. Bibi akaninong'oneza, "Kuja kula pamoja nao? Kwani sisi ndio wageni?" Nikacheka, na nilicheka kwa raha kabisa.

Wageni walipoondoka ilibidi pikapu irudishe mabeseni, na mimi nikapanda mpaka Segera kufuata makreti ya soda yaliyokuwa yameachwa pale. Dereva alikuwa kijana wa jiji, miwani juu ya kofia, mzungumzaji. Nikamwuliza maswali yangu ya kawaida, kama ninavyomwuliza mtu yeyote. Anatoka mtaa gani, barabara ikoje, ng'ombe walimnunua wapi.

"Hatukununua, broo. Mzee wa kanisa ana shamba, katoa madume mawili. Jana tulikuwa huko tangu asubuhi, kazi kazi."

"Na aliyechinja? Mlimtoa wapi?"

"Mwenyewe mzee wa kanisa. Ndiyo starehe yake, hataki mtu amshikie kisu."

"Nilisikia ni Muislamu."

Akanitazama kama nimesema kichekesho. "Muislamu atoke wapi? Watu tulikuwa tunaimba mapambio pale." Akapiga honi kumtisha mbuzi barabarani. "Na bosi wenu alipigiwa simu hapo hapo, akaulizwa kuna shida? Akasema leteni tu, mimi nitajua la kusema. Kwani kuna noma?"

 Segera niliteremka, nikapanga makreti ya soda kando ya barabara, nikasimama. Wauza machungwa wenzangu wa zamani waliniita, mmoja akanirushia chungwa. Ningeweza kubaki pale. Maisha yangu yote mambo yakinishinda nilikuwa nabaki mahali pengine, na Segera ni mahali pazuri pa kubakia, magari yanakwenda kila upande. Nikamenya lile chungwa, nikalila lote, nikasimamisha gari la kwenda Handeni, nikapakia makreti, nikarudi kituoni.

Mama nilimkuta ofisini, amevua viatu, miguu juu ya kiti. Nikamweleza alichosema dereva. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa natumaini atasema dereva ni mlevi.

Alivaa viatu kwanza.

"Ningewaambia nini?" akasema. "Watu wametoa madume yao kwa moyo mweupe, niwaambie nyama yenu haiingii mdomoni mwa watu wangu? Wangenielewa? Wale ndio wanaojenga. Wale ndio wanaotulipa, wewe na mimi."

"Na majirani?"

"Majirani wamekula, wameshiba. Kuna aliyeumwa tumbo? Asiyejua hana dhambi, hata dini yao inasema hivyo."

"Mzee hakusema hajui, mama. Alisema anaijua."

 Nje watoto walikuwa bado wanaimba ule wimbo waliofundishwa.

"Usiende kumwambia," akasema mwishowe. "Ukimwambia, utakayemuumiza ni yeye. Mimi nitabaki hapa na kazi yangu. Yeye ndiye atakayeumia. Fikiria."

Nilifikiria. Nilifikiria mpaka nikaona kwamba hilo ndilo lililonichoma kuliko uongo wenyewe. Alikuwa anajua vizuri kabisa atakayeumia, na alijua tangu asubuhi, wakati amemshika mkono.

Kesho yake nilimkuta mzee shambani anang'oa mihogo. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, mpaka lile la mapambio. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye tuta.

"Wenzangu hawana kosa," akasema. "Hawakujua. Mimi nilisema naijua."

"Ulidanganywa, mzee."

"Nilikusuta wewe asubuhi ile kwamba umeniletea maneno ya mtu. Kisha nikatoka hapo nikaenda kuyameza yale yale." Akafuta udongo kwenye muhogo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu mwenye muda. "Ijumaa nitawaita niwaambie. Lakini nikisema peke yangu wataona kuna jambo nyuma. Watasema mzee kapewa kitu, kauza mdomo wake kwa wale wageni, sasa moyo unamsuta. Akija yeye mwenyewe akasema, nilimwambia baba hivi, na haikuwa hivyo, yataisha. Watu wa hapa si wagumu. Watamsema mchana, jioni watampelekea mboga."

"Nimwambie?"

"Mwambie baba yake anamwita."

Nilikwenda na maneno hayo. Mama alilia. Sijui machozi yale yalikuwa ya nini, lakini yalikuwa machozi. Akanishika bega. "Mwambie baba nitakuja. Ijumaa, wakitoka kuswali, nitakuwa nimeshafika. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Nikaruka ule uzio badala ya kuzunguka getini, ili nimfikishie haraka. "Atakuja," nikamwambia mzee. Na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikawaambia na wengine niliokutana nao njiani, kwamba Ijumaa mama wa kituo atakuwa kwa mzee, ana neno.

Ijumaa watu wakaja wengi kuliko nilivyotarajia. Bibi alitandika mikeka uwanjani, na kwa ajili ya mama akatoa kiti, akakifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Wanaume walikaa upande huu, wanawake ule. Nilikaa karibu na kile kiti. Muda ukapita. Mahali pale unaweza kuona geti la kituo, na kila mtu alikuwa anajifanya hatazami huko.

"Labda anachagua kanga," mzee mmoja akasema.

"Kanga gani ya kuchagua mpaka swala ya alasiri?"

"Ya maneno marefu."

Wakacheka kidogo. Mzee wangu naye akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asiwe nao.

Geti likafunguka, gari la kituo likatoka. Bibi akaenda kukipangusa kile kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Gari likaja mpaka uwanjani, likazima. Akateremka mpishi wetu peke yake. Akazunguka nyuma, akafungua, akamteremsha mbuzi mweupe, amefungwa kamba shingoni.

"Shikamooni," akasema, hajui amtazame nani. "Mama amepata wageni wa ghafla. Anasema mzee amchinje huyu, watu wale, yaishe."

"Yaishe nini?" mtu akauliza.

Mpishi hakujua. Alisimama na kamba mkononi, akimwelekezea mzee. Mzee hakuipokea. Mbuzi akaanza kula ncha ya mkeka, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha mzee akasimama, akasema. Alisema kwa Kizigua kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wa kuja. Alisema kwamba nyama ya Siku ya Kituo hakuchinja yeye wala mtu wa dini yake, kwamba aliambiwa akaamini, kwamba aliwaambia anaijua na alikuwa haijui, na kwamba anawaomba radhi. Alisema hayo tu, mafupi, kama anayetoa taarifa ya msiba.

 Mwanamume mmoja wa upande wa mbele, niliyekuwa nakunywa naye kahawa, akauliza, "Nani alikuambia?"

"Aliyeniambia ana mdomo wake," mzee akasema. "Nilitaka autumie mwenyewe."

Bibi akafungua kinywa. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulipewa nini?" yule mtu akauliza tena.

"Wali na nyama. Kama wewe."

Hapo nikasimama mimi. Nilitaka kusema nilikuwepo getini, nilisikia kwa masikio yangu. Mzee akaniwahi.

"Kaa, mwanangu. Wewe unalala kwao, unakula kwao. Ni wewe ulituita kwenye nyama, na ni wewe ulituambia leo atakuja. Maneno yako yatanizamisha zaidi."

Nikakaa. Hakusema kwa ubaya, na ilikuwa kweli, na sijawahi kujisikia mtupu namna ile, hata nilipokuwa sina pa kulala. Kila mlango wa Kwaluguru ulinifungukia kwa maswali yangu, na sasa kulikuwa na jambo moja nililolijua kwa hakika kuliko mtu yeyote pale, na halikuwa na thamani mdomoni mwangu.

Watu wakaanza kuinuka, mmoja mmoja. Wengi walimpa mzee mkono. Wengine walipitia upande wa pili wa nyumba. Jirani mmoja aliyekuwa na harusi ya binti yake, na ambaye alikuwa ameshakubaliana na mzee kuhusu ng'ombe, alisimama mbele yake akikunja kofia.

"Mzee, lile letu la harusi," akasema. "Nitakuja kukwambia."

"Sawa."

"Ni kwamba upande wa bwana harusi nao wana mtu wao."

"Sawa, mwanangu. Hakuna neno."

Harusi ikachinjiwa na kijana kutoka kijiji cha pili. Baadaye hitima nayo, baadaye na msiba wa mtu ambaye mzee alikuwa amesoma naye chuo kimoja cha Kurani. Hakuna aliyemtukana. Walimkaribisha vizuri kila mahali, akakaa, akala kile walichokula wengine.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile mpishi alimpandisha mbuzi garini, nami nikarudi naye kituoni. Uwanja ulikuwa mtupu. Hakukuwa na gari la mgeni, wala alama mpya ya tairi, wala kikombe mezani. Mama alikuwa amekaa ofisini peke yake, mikono mapajani, akiwa amevaa nguo ya kutokea.

"Wageni wako wapi?" nikamwuliza.

 "Wamekula?" akauliza.

"Mbuzi yuko kwenye gari."

"Na baba?"

"Amesema. Peke yake."

Aliangalia dirishani, upande wa lile shamba la mihogo. Nilidhani anakusanya nguvu za kuinuka, maana jua lilikuwa halijazama, bado wengine walikuwa wanaonekana wakitawanyika njiani, na angeita wangesimama. Nilisogea pembeni mwa mlango kumpisha.

"Amenitaja?" akauliza.

"Hapana, mama. Hakukutaja."

Nikamwona anashusha pumzi. Mabega yakalegea, akaegemea kiti, akafumba macho kidogo kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaniuliza kama plasta za Jumatatu zimeshaletwa kutoka Korogwe.